Maua Aliyohama Nayo Mama Gati

Saa moja asubuhi, Euphrasia Burito yuko ndani ya lambo la kijiji, maji yanamfika mapajani, khanga kaifunga juu kiunoni. Anapapasa tope kwa vidole vya miguu. Akigusa shina bovu analing'oa na kulitupa ukingoni, kwenye rundo linalonuka.

"Hili nalo limeoza," anasema bila kuinua kichwa. "Jana nilikuwa na tumaini nalo."

Kijiji hiki cha ujamaa kilianzishwa mwaka 1974 kando ya barabara, kati ya Butiama na Kiabakari. Mama huyu wa miaka arobaini na minane ni mfagizi wa zahanati. Kabla ya kushika ufagio hupitia hapa kutunza mayungiyungi, yale maua ya buluu yanayoota majini. Kazi hii hakuna anayemlipa.

Siku ya kuhama, lori lilipofika bondeni walikokuwa wakiishi, wenzake walipakia vyungu, kuku na milango. Yeye akapakia mizizi ya mayungiyungi na tope lake. Watu walimcheka weee, na dereva nusura aishushe.

Waliocheka walijua fika kwamba ukingoni mwa kinamasi yalikoota maua hayo alimzika binti yake Gati, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka sita.

"Gati alikuwa anachumaga haya maua, anajivika shingoni," anasema. "Kaburi halibebeki. Nikabeba maua."

Maua yakakubali. Aliyazungushia miiba ng'ombe wasiyakanyage, akapalilia magugu ya majini, na mwaka jana yalijaza kona nzima. Wale wale waliocheka wakaja kuyaomba ya kupambia kanisa.

Kisha ukaja msimu wa kupiga dawa pamba. Jioni moja ya Februari mumewe, Magesa, alitoka shamba la kijiji akaoshea bomba la dawa ndani ya ule uzio. Kulipokucha, majani yalikuwa yameungua na vidagaa vinaelea.

"Kule bondeni tulikuwa tunaoshaga mtoni, maji yanaondoka nayo," anasema Magesa, ameketi mbali kidogo na mkewe. "Hapa nikaona kwenye miiba ng'ombe hawanywi. Niliwaza ng'ombe. Mtoto sikumuwaza."

Mkewe hakumgombeza. Magesa anasema afadhali angegombezwa.

"Chakula ananipa, salamu ananipa. Lakini haniiti tena Baba Gati."

Euphrasia anasikia, anaendelea kupapasa tope. Naye ana majuto yake: tangu wahame hajarudi bondeni hata mara moja, ingawa ni mwendo wa nusu siku tu kwa miguu. Mara ilikuwa shamba la kijiji, mara zamu ya zahanati. Na maua alikuwa nayo hapa, akaona yanatosha.

Masika yakikatika atakwenda kutafuta mizizi mingine. Ameambiwa kinamasi kimelimwa karibu chote.

"Nisipokuta mizizi nitachota tope. Mbegu zinakaaga topeni."

Na mbegu zikikosekana je?

Anatoka majini, anajifuta miguu taratibu.

"Basi nitakaa na Gati kidogo," anasema. "Nilitakiwa niwe nimeenda siku nyingi."