Mpika bukari wa Kolwezi na sayari inayoiangukia nyota yake

Jua halijatoka Kolwezi, na Noëlla Ngoyi tayari ana jasho usoni. Sufuria kubwa ya bukari, ugali wa huku, iko juu ya mbabula, jiko lake la makaa. Ameketi kwenye kigoda, ameibana sufuria kwa nyayo zake mbili zilizofungwa matambara, na mwiko anauzungusha kwa mikono yote miwili. Unga umekaza. Asiyeijua kazi hii angedhani wanapigana.

"Mama Noëlla, fanya mbio, shimo inatungoja," anasema Guelord, mchimbaji wa shaba, huku akiota moto.

"Shimo haitakimbia," anamjibu bila kugeuka. "Wee njo utakimbia, ukiona sahani za kuosha."

Wachimbaji wanacheka. Ndivyo zilivyo asubuhi kwenye malewa ya Noëlla, kibanda cha chakula kando ya njia ya machimbo. Sahani ya bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ni faranga elfu tatu. Kwa sahani hizo mama huyu wa miaka thelathini na mmoja amejisomesha fizikia chuo kikuu, akiacha na kurudi kila ada ilipomshinda.

Utafiti wake wa kuhitimu ulihusu sayari kubwa zilizo nje ya mfumo wa Jua letu. Baadhi yake huizunguka nyota yao kwa karibu mno, hata mwaka mzima huisha kwa siku moja au mbili. Sayari ya namna hiyo huivuta nyota mpaka ikafura kidogo, kama mwezi unavyoyavuta maji ya bahari. Lakini mvutano huo humgeukia mvutaji: polepole sayari husogea ndani, na mwisho wake ni kumezwa.

Mwaka jana alisimama mbele ya majaji wa chuo kuutetea utafiti huo, akashindwa.

"Nilisema bahari, bahari, kama vitabu vya Kifaransa," anasimulia. "Profesa Ntambwe akaniuliza, 'Mama, bahari uliiona wapi?' Mi nimezaliwa hapa. Maji makubwa ninayoyajua ni ya bwawa la Nzilo. Akaniuliza tena, nyota si bahari, inairudishaje sayari nyuma? Hesabu ilikuwa kwenye karatasi. Kinywani hamkuwa na kitu."

Alipewa nafasi moja tu ya kurudia. Shule moja ya sekondari huko Tenke ilikuwa imemwekea kazi ya kufundisha fizikia. Bila diploma, kazi ingekwenda kwa mwingine.

Jibu alilipata mekoni. Asubuhi moja, mawazo yakiwa mbali, alisahau kuibana sufuria. Bukari ilipokaza, sufuria nzima ikaanza kuzunguka, ikiufuata mwiko.

"Guelord akasema, 'Leo sufuria inacheza na mwiko, na sisi batu tunakufa njaa.' Mi nikasimama. Mkono wangu umechoka, sufuria imepata mbio. Nguvu imetoka huku, imeingia kule."

Kwenye uji mwepesi mwiko hupita tu; unga uliokaza ndio unaokamata. Sufuria ndiyo nyota, mwiko ndio sayari: nyota nayo ina ukinzani ndani yake. Inajizungusha taratibu, sayari inakwenda kasi, kwa hiyo ule uvimbe wa nyota hubaki nyuma kidogo na kuivuta sayari irudi. Nyota huongeza mzunguko, na sayari hushuka.

Mwezi uliopita, siku ya kurudia utetezi wake, Noëlla aliwaomba majaji watoke nje hadi barazani. Mbabula ilikuwa imewaka. Akiwa na gauni lake la kanisani alisonga bukari mbele yao, bila kuibana sufuria, mpaka ikazunguka.

Profesa Ntambwe hakumwachia. "Lakini mwiko unagusa bukari, mama. Sayari haigusi nyota."

"Ni kweli, tata profesa. Mfano wangu unaishia hapo. Kinachofika bila kugusa ni uvutano, na huo siwezi kuupika. Turudi ndani, kwenye ubao."

Walirudi. Aliandika, akaulizwa, akajibu, akafuta kosa lake mwenyewe na kuendelea. Majaji walimpa alama ya juu.

"Mwaka jana nilikuuliza kwa sababu nilitaka kujua," Profesa Ntambwe alimwambia akimpa mkono. "Mi ni mutu wa Sandoa. Hata mi sijaiona bahari."

Nje, wachimbaji walimngoja wakiwa na nguo zao za kazi. Guelord akammwagia poda nyeupe kichwani, kama anavyofanyiwa kila aliyefaulu, wakambeba juu juu hadi barabarani wakiimba. Magari yakapiga honi.

Shule zitakapofunguliwa, Noëlla ataanza kufundisha Tenke. Zaidi ya hapo anataka kujiunga na watafiti wanaopima sayari hizo kila zinapopita mbele ya nyota zao, kwani ile inayoanguka hufika mapema kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka wake hufupika.

"Ni kazi ya miaka mingi, na wengi huichoka," anasema. "Mi nimesonga bukari miaka saba. Waniletee hiyo sayari."