Dobi na Njiwa Aliyechechemea

Saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Mfuko anapuliza mkaa kwenye pasi yake. Pasi hiyo, anaapa bila hata kutabasamu, iliwahi kuibwa. Wezi wakairudisha wenyewe kabla ya kufika njia panda, mikono imekufa ganzi kwa uzito wake.

Anakunja shati la karani mmoja, kisha anatumbukiza kijikaratasi mfukoni. Ni hadithi ya nusu ukurasa, kaiandika kwa mkono.

"Leo umenihukumu nini, mzee?" karani anauliza. "Juzi uliniandika mlevi!"

"Nilimwandika fisi. Wewe ndiye uliyejitambua."

Dobi huyu wa miaka sitini na minne aliishia darasa la nne. Kwa miaka ishirini na mitatu ametunga visa vya kumcha Mungu na kuishi na watu. Zamani alivisoma kwa sauti baada ya ibada.

Aliacha miaka sita iliyopita. Binti yake wa pekee alimnong'oneza kuwa ana mimba na mwanamume kaingia mitini. Wiki hiyohiyo, mzee akawasomea waumini kisa cha njiwa aliyetoroka kiotani.

"Nilibadilisha kila kitu, mwanangu," anasema, akiikwepa sura ya mwandishi wa habari aliyemtembelea. "Ila nilimfanya njiwa achechemee."

Binti yake huchechemea tangu utotoni. Shingo zote ziligeuka. Kabla baba hajamaliza kusoma, binti alikuwa ameshatoka, na nyumbani hakurudi.

Ndipo hadithi zikahamia mifukoni. "Nguo husafiri," anaeleza. "Mimi magoti yamegoma."

Mwezi uliopita, dereva wa lori alileta suruali. Mfukoni mlikuwa na karatasi ya kisa cha njiwa aliyomtilia safari iliyotangulia, nyuma yake mwandiko anaoujua: "Baba, njiwa wako hajawahi kusema neno. Kinda lake limeanza shule."

"Nilimsomea mama muuza chai huko njiani," dereva akamwambia. "Akaniomba kalamu."

"Anachechemea?"

"Kidogo, mzee wangu. Mguu wa kushoto."

Kesho dereva anasafiri tena. Suruali yake imepigwa pasi mara tatu, mikunjo inaweza kukata mkate. Juu ya karatasi mpya mzee ameandika maneno mawili tu: "Njiwa akasema." Chini yake ni peupe.

"Nimehubiri vya kutosha," anasema. "Natamani nimsikie yeye."

Anaikunja karatasi, anaitia mfukoni, anafunga kifungo. Kisha anakifungua tena, anaongeza penseli aliyoichonga mwenyewe.