Alama ya Ng'ombe wa Ako Dhaki

Mwanangu, siku ile naikumbuka kila nikisikia harufu ya gundi ya viti. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Isiolo, na mimi kijana nikishona viti vya magari kwa Fundi Jumaa. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona haya kulitaja langu.

Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alileta Landirova yake. Viti vya reksini vilikuwa vimepasuliwa na jua, sponji iko nje, akataka ngozi ya kweli. Jumaa akaipata kwa rafiki yake Roba. Nilipoitandaza nikaona kwenye paja alama ya chuma cha moto, duara na mistari miwili. Kwetu ng'ombe huchomwa alama ya boma lake, hata mtoto anajua hivyo. Nikauliza huyu alikuwa wa nani. Jumaa akasema Roba aliuziwa na mwenyewe, nikate hapo nitupe, nishone tu.

Lakini ngozi ya paja ndiyo nene, ndiyo inayovumilia mgongo wa mtu. Sikuitupa. Niliishona katikati ya egemeo la kiti cha mbele, alama ikitazama watu.

Siku chache baadaye mwenye gari akampa lifti Dhaki, mjane wa kijiji cha Korbesa tuliyemwita Ako, yaani nyanya. Alikuwa akizunguka kutafuta ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee. Kabla hajakaa akakipapasa kile kiti, akaanza kulia. Ilikuwa alama ya marehemu mume wake.

Mwenye gari akamleta kwetu, watu wakajaa kwa karakana. Jumaa akaninyooshea kidole, akanitaja jina, akasema ngozi niliileta mimi. Roba akaitikia bila kupepesa jicho. Nilipigwa, mwanangu. Sikio hili la kushoto halijasikia kitu tangu hapo. Ukiongea nami nakugeuzia uso upande, na wewe unadhani ni kiburi.

Aliyenitoa mikononi mwao ni yule mama. Alijisukuma hadi katikati, akauliza nani alishona. Nikasema ni mimi.

"Mwizi angeifukia alama chini ya matako ya watu," akawaambia. "Huyu ameiweka mahali nitaiona. Mnampiga ya nini?"

Kisha akamuuliza Jumaa, polepole, kama Isiolo nzima ni ng'ombe wa mjane peke yake aliyekuwa na ngozi. Kufika jioni, Jumaa na Roba walikuwa wametoroka.

Hawajaniomba msamaha mpaka leo, na sitakudanganya kwamba nimesahau. Ako nilimfumulia kile kipande, akarudi nacho Korbesa amekikumbatia.

Kwa hivyo ukiambiwa "shona tu", uliza kitu kimetoka wapi. Ukinyimwa jibu, usikubali mkono wako ndio ukifiche. Na ukikuta mtu anapigwa, itazame kwanza kazi yake. Mungu akupe mikono isiyoficha, mwanangu, na siku ya taabu akuletee mtu mmoja wa kusimama katikati.