Bakuli la Bwana Mbung'o

Juzi hapa Kawajense jirani alinirudishia bakuli langu likiwa tupu, halina hata ndimu moja. Nikamshuku papo hapo: ana nini na mimi? Kushuku ni ugonjwa wangu wa zamani, rafiki yangu, na nao ulianzia kwenye bakuli.

Miaka ya sabini tuliishi kando ya njia ya Ugalla, karibu na kizuizi cha mbung'o. Ukifika pale unashuka kwenye baiskeli, na mlinzi, tuliyemwita bwana mbung'o, anaizunguka na wavu wake mdogo akiwasaka wale inzi, maana ndio waliotuletea malale, ule ugonjwa wa usingizi. Aliowakamata aliwatia kwenye kichupa. Sisi watoto tuliapa kwamba ni mumiani na kwamba mle kichupani mna damu za watu. Wakubwa walitukemea, lakini nao wakishakaguliwa waliondoka haraka bila salamu. Alishinda pale peke yake akiumwa na mbung'o mpaka jioni.

Bibi yangu hakuwa na habari na mumiani. Kila Jumapili tukitoka misa alipakua ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akafunga bakuli kwa kitambaa. "Mpelekee," aliniambia. "Anayetukinga na ugonjwa asishinde njaa siku ya Bwana."

Nikifika kwenye kichuguu, mahali kizuizi kinapoanza kuonekana, miguu inagoma. Niende nikatolewe damu? Nikala mimi. Mara ya kwanza nilikula huku nalia. Jumapili ya tatu nilikuwa nalamba vidole. Nikirudi nasema, "Bibi, amesema asante."

Bibi aliligeuza lile bakuli mkononi. Kwetu chombo hakirudi kitupu; utatia hata viazi viwili, hata chumvi kidogo. Mama mmoja jirani yetu akapata la kusema: "Si nilikwambia? Huyo si mtu. Nyie mnalisha nini pale?" Bibi alilitazama tena lile bakuli, nikajua naye ameanza kushuku. Jumapili ya tano alinishika mkono, twende wote.

Tukafika kizuizini. Bwana mbung'o aliweka wavu chini, akamwamkia Bibi shikamoo. Shingo yake ilikuwa imejaa vipele. Bibi hakuzunguka: "Mwanangu, chakula changu hukukipenda? Mbona bakuli linarudi tupu?"

Alimtazama Bibi, akalitazama bakuli, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Nilijua kwamba amejua.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kilikuwa kitamu sana. Ni mimi tu sina adabu."

Akaingia kibandani, akatoka na kipande cha sega la asali, pengine ndicho chakula chake cha siku ile, akakiweka bakulini kwa mikono miwili.

Tangu hapo chakula chake nilimfikishia mkononi, kikiwa kimefungwa vilevile. Hakuniuliza kitu. Baadaye akahamishwa. Kizuizi hakipo tena, pikipiki zinapita pale bila kupunguza mwendo, na Bibi alifariki akiamini mtu yule alikuwa mwema ila msahaulifu.

Ile asali Bibi alinimegea njiani, eti nimetumwa sana. Niliila. Na ile asante niliyosema kila Jumapili kwamba ameitoa, mimi mwenyewe sikumpa hata siku moja.