Tulivyofungwa Sur Tukarudi na Kombe

Kila nikipita Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapoachana na ya Nizwa, nasimama kunywa chai kwenye mkahawa mmoja wa zamani. Nimehama miji mingi tangu nilipoacha chuo mwaka wa kwanza, lakini mkahawa ule bado ni wangu.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Manahodha wa mpira wa kikapu wa vyuo vyetu vitatu, Ibra, Sur na Nizwa, walikutana pale kupanga mashindano, nami nikamsindikiza wetu wa Ibra. Nahodha wa Sur, kijana wa Kizanzibari kama sisi, alikuwa bado na uchungu. Mwaka uliopita Nizwa waliwabomoa katika muda wa nyongeza.

"Nyongeza watu washachoka, yakhi," alisema. "Anayeshinda huko ahesabiwe pointi moja tu, hata akishinda kwa ishirini."

Wote wakakubali. Khalas.

Tukawafunga Nizwa kwa tano. Nizwa wakawafunga Sur kwa tatu. Mechi ya mwisho ikawa yetu, huko Sur. Sur wakishinda, kila timu ingekuwa na ushindi mmoja, na bingwa angepatikana kwa tofauti ya pointi.

Muda ukaisha tuko sawasawa. Kwenye nyongeza miguu yetu ikagoma, wakatufunga kwa kumi na moja. Ngoma zikalia, watu wakajaa uwanjani.

"Rudini Ibra mkachume tende!" walituimbia.

Mimi nilikuwa nimejifunika taulo usoni. Mara nikamsikia nahodha wetu akicheka. Akapenya katikati ya wachezaji hadi kwa nahodha wao, aliyekwisha kulikumbatia kombe.

"Bwana wee, Bidbid ulisema nini?"

Yule akaliweka kombe chini. Akahesabu kwa vidole: Ibra wamezidi tano, wamepungukiwa moja. Sur wamezidi moja, wamepungukiwa tatu. Nizwa wamezidi tatu, wamepungukiwa tano. Akashika kichwa.

"Wallahi, maneno yangu mwenyewe!"

Angeweza kukataa, uwanja wao, watu wao, na hakuna kilichoandikwa. Badala yake akapaza sauti ngoma zikome, akatukabidhi kombe.

"Chukueni! Mwakani tutakufungeni ndani ya muda, mashetani nyie!"

Tukirudi Ibra, tulipita Al Qabil honi zikilia, kombe nje ya dirisha, na mwenye kulishika ni mimi. Mkono uliniuma siku mbili. Nisingekubali kuubadilisha na wa mtu mwingine.