Nilimsifia kwamba Ameacha Pombe, Nikamvunjia Posa

Ndugu zangu, nimekosa. Sina wa kumsingizia, si shetani wala si pombe, maana siku hiyo nilikuwa mzima kabisa, kichwa kimetulia, na bado nikaharibu kuliko nilivyowahi kuharibu nikiwa nimelewa.

Mimi ni mama wa Kasingirima, hapa Ujiji, nauza dagaa. Nilikuwa mlevi. Gongo ilinitoa sokoni, ikanitoa kwa mume, hadi wanangu wakalelewa na bibi yao huko kwetu Kasulu. Leo sinywi, na walionishika mkono ni walevi wenzangu. Tuna kikundi chetu cha walioacha pombe, cha mkoa mzima. Wanakuja wa Uvinza, wa Kasulu, wengine wanapanda boti toka Kagunga. Tunakutana mjini Kigoma, Jumamosi mchana. Kila mtu anasimama, anataja jina lake, anasema yeye ni mlevi, kisha anaeleza wiki yake ilivyokwenda. Hakuna kuchekana. Na kabla hatujatawanyika mwenyekiti wetu, mzee mmoja mstaafu wa reli, anatukumbusha: uliyoyasikia humu usitoke nayo, hata jina la mtu.

Mle ndani kuacha pombe ndiyo cheo. Mtu akimaliza mwaka hajagusa chupa tunampigia vigelegele kama bibi harusi. Nami nilishazoea hivyo, nikasahau kwamba nje ya mlango ule watu hawapigi vigelegele.

Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani wa Ujiji. Jina lake silitaji, siri yake nilishaitoa mara moja na inatosha. Ni kijana wa Kiislamu, baba yake mtu wa safu ya mbele msikitini. Alikuwa anakunywa kwa kujificha, mbali na kwao, na nyumbani hawakujua kitu. Alikuwa akija kikundini kofia ameitia mfukoni. Mimi ndiye niliyepewa kumlea. Kiu ikimbana ananipigia, "Dada, niongeleshe." Basi namwongelesha bei ya dagaa, namwongelesha umbea wote wa mwalo wa Kibirizi, kule mitumbwi inakoshusha samaki, mpaka ipite. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Sasa siku hiyo jirani yangu, Mama Zuhura, akaja kwangu uso unang'aa. Binti yake kaposwa.

"Shoga, wazee wao wamekuja. Bado tunaulizia-ulizia kidogo. Ni yule fundi wa kanzu. Wewe si unamfahamu? Nimewaona mnasalimiana."

Yesu wangu! Ningesema namfahamu, kanishonea gauni, yakaisha. Lakini mdomo huu! Nilifurahi mpaka nikasimama.

"Mama Zuhura, pokeeni posa haraka! Mwanaume yule? Ameacha pombe mwaka wa pili huu, hajagusa hata tone! Unajua ugumu wake wewe?"

Akaweka kikombe chini. "Ameacha nini?"

Kikundini pale ningekuwa nimempa sifa kubwa kuliko zote. Kwa Mama Zuhura nilikuwa nimemwambia kwamba mkwe ni mlevi. Nikaanza kubabaika, oh, shoga, ilikuwa zamani, oh, sasa ni mtu wa swala tano. Akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka na chai hajaimaliza.

Haikufika Ijumaa, posa ikakataliwa. Na Ujiji ni ndogo jamani! Habari ikafika msikitini, ikafika kwa mama yake fundi, naye akaanza kupekua chumba cha mwanawe kama anatafuta mali ya wizi. Wateja wakaenda kuchukua vitambaa vyao. Eti mlevi atawakatia kanzu upande.

Jumamosi fundi hakuja kikundini. Simu hapokei. Nikasimama mbele ya wenzangu nikaeleza yote, nalia mpaka kamasi. Nilitegemea watanitukana, na afadhali wangenitukana! Wale wa Kagunga wakaangaliana, na Jumamosi iliyofuata hawakupanda boti.

Mzee mwenyekiti akanivuta pembeni. "Mama, hawakuogopi wewe peke yako," akasema. "Sasa wanatuogopa sote."

Kesho yake asubuhi nikamfuata fundi kazini kwake. Mlango wa banda ulikuwa umerudishwa nusu, naye amekaa kwenye cherehani, hakuna kitambaa. Nikasikia harufu kabla hajafungua kinywa. Harufu ile naijua, nimeishi nayo. Nikapiga magoti pale sakafuni, mimi mtu mzima na watoto wangu.

"Nisamehe mdogo wangu. Wallahi nilikuwa nakusifia!" Hata kiapo cha kwao nikakikopa, kwa jinsi nilivyochanganyikiwa.

"Najua, Dada. Mama Zuhura aliwaeleza wazee wetu neno kwa neno. Ulinisifia vizuri sana."

Nikamwambia nitakwenda kwa baba wa binti, nitakwenda kwa mama yake yeye mwenyewe, nitapiga magoti nyumba kwa nyumba. Akatikisa kichwa. Wala hakupaza sauti, na hilo ndilo linaloniua.

"Mchumba nitapata mwingine, Mungu akipenda. Lakini juzi kiu ilinibana, nikashika simu nikupigie. Nikakumbuka kwamba ni wewe. Nikaiweka, nikaenda kunywa."

Nilitoka pale sioni njia. Mzee mwenyekiti anamtafutia mlezi mwingine, mwanaume mwenzake, na fundi bado hajakubali kuonana na mtu. Mimi kikundini naendelea kwenda, maana nisipokwenda nitakunywa, najijua. Ila nikisimama kuongea naona watu wanachunga maneno yao, na siwezi kuwalaumu.

Jamani, mliopewa siri za watu, nawaombeni! Msidhani siri inatolewa kwa ubaya tu. Mimi niliitoa kwa mapenzi, nikicheka, nimesimama. Kama mwenzako amefanya jambo kubwa, liwe kubwa kiasi gani, mwache aliseme mwenyewe, siku anayotaka, kwa mtu anayemtaka. Na asipolisema mpaka anaingia kaburini, ni haki yake. Wewe ukiulizwa sema kanishonea gauni, unyamaze.