Namba ya Lynn Gachanja

Kila asubuhi Nabalayo alitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Kaptembwo hadi Milimani kwa matajiri. Hakutembea kwa ajili ya afya. Nauli aliyookoa ilitosha kununua sukuma wiki ya jioni. Mwanamichezo wa nyumba yake alikuwa mumewe, Ogada. Kila Jumamosi alitoa shilingi thelathini akaingia kibandani kutazama mpira wa Uingereza, na hizo thelathini zilizua kelele mpaka Jumatatu.

Kule Milimani alikofua nguo, michezo ilikuwa na chumba chake. Lynn Gachanja, mwenye nyumba, alikuwa na mashine ya kukimbilia, na Nabalayo aliijua vizuri kwa kuwa ndiyo aliyoanikia soksi mvua ikinyesha. Alikuwa na jozi nne za viatu vya mbio na saa ya kuhesabu hatua. Saa ikilalamika kwamba hatua hazijatosha, Lynn alimvalisha Nabalayo saa hiyo anapomtuma dukani.

Mwezi wa sita klabu ya kina Lynn ikaandaa mbio za kilomita kumi, eti za kuchangia michezo ya watoto maskini. Ada ya kujiandikisha tu ilikuwa sawa na mshahara wa Nabalayo wa siku tano. Asubuhi ya mbio Lynn akaamka na kichwa kizito cha pati ya jana.

"Nabalayo, please nisaidie. Vaa kofia hii na namba yangu, tembea tu pole pole. Watu wa ofisi waone jina langu kwa matokeo."

"Na nguo, madam?"

"Utafua ukirudi."

Hapo ndipo alipokosea. Mtu anayengojwa na makarai matatu ya nguo hatembei pole pole. Nabalayo alizipiga hizo kilomita kwa raba zake za mtumba, akawa wa pili kati ya wanawake wote, wala hakusimama kuvishwa medali. Alipitiliza hadi kwenye karai.

Jioni Lynn akapigiwa simu, akajipodoa, akaenda kuchukua zawadi: kadi ya kufanya mazoezi jimu mwaka mzima. Akaulizwa siri yake mbele ya kamera.

"Ni nidhamu tu," akasema.

Nabalayo alipewa fulana iliyombana kwapani. Alipoiona ile video kwenye simu ya Ogada, alimrudishia simu kabla haijaisha. Kadi ya jimu hakuitaka. Jina ndilo lililomuuma.

Wiki mbili baadaye klabu ikamchagua Lynn aiwakilishe katika mbio za milima ya Dundori. Akamfuata Nabalayo uani, sauti imelainika.

"Mama, nitakununulia viatu vipya kabisa."

"Sawa, madam. Na uandikishe jina langu."

"Lakini wanamtaka Lynn!"

"Si Lynn yuko?"

Lynn akakimbia mwenyewe. Mlima wa kwanza ulimkalisha kando ya magunia ya viazi, na pikapu ya maziwa ikamrudisha mjini. Jumatatu Nabalayo alimkuta sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji moto. Akampelekea chai.

"Pole sana, madam."

Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akacheka mpaka akashikilia sinki.